Mti wa Saba

Ruiru, 3 Desemba 1957

Daftari la zamani limeliwa na mchwa. Wamesoma maisha yangu kuanzia Januari mpaka mwezi wa tisa, kisha wakaacha. Nadhani yaliwachosha kama yanavyonichosha mimi. Naanza jipya.

Habari ya leo si nzuri. Meneja mpya wa shamba la kahawa ameniita ofisini akaniambia macho yangu yamechoka. Nikamjibu kwamba macho ni mazima, ila yeye anaandika kama kuku anayechakura. Hakucheka. Mwisho wa Machi nitamwachia kijana fulani meza yangu, na nyumba ya shamba nitaiacha siku hiyohiyo. Miaka kumi na moja nimepima mvua hapa kila saa tatu asubuhi, hata siku ya kumzika baba. Kwa ukoo wetu kule Gitothua ndugu wamejaa mpaka mbuzi hana pa kugeukia. Mke wangu Wangeci nimpeleke wapi? Na Maitu, mama yangu, ambaye kitanda chake kikisogezwa kidogo tu hulala na hasira?

5 Desemba

Mungu ana mzaha wake. Leo amekuja Mzungu mwembamba anaitwa Bwana Lowther, anatafuta karani aliyezoea vipimo. Wapagazi wamekwisha kumbatiza: Bwana Barafu. Anasema barafu ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, inapungua mwaka hadi mwaka, na sasa mataifa mengi yamekubaliana kupima kila kitu, upepo, bahari, hata jua. Yeye amegawiwa mlima wetu. Atasimika miti kumi katika kile anachokiita mto wa barafu, kisha kila majuma matatu tupande tukaone ni inchi ngapi zaidi za mti zimetokeza. Barafu ikiyeyuka, mti unaonekana mrefu.

"Hayo tu?" nikauliza.

"Hayo tu."

Mtu amesoma mpaka nywele zikaisha ili aje kutazama mti unavyorefuka.

Lakini akaongeza: "Gerishon, daftari langu likiwa safi mpaka mwisho wa kiangazi, nitakuandikia barua kwa watu wa hali ya hewa. Wanataka mpimaji Thika. Kazi ina nyumba."

Neno la mwisho ndilo nililolisikia vizuri.

7 Desemba, Thika

Nimekuja Makongeni kuchukua miti kwa Awiti, seremala Mjaluo, rafiki yangu tangu siku alipotengeneza mabenchi ya kanisa letu na moja likamwangusha mchungaji. Miti ni ya mwerezi, futi sita kila mmoja, imenyooka kama askari. Awiti alikuwa akiichoma namba kwa chuma cha moto. Nilikuja na Muigai, ambaye ndiye atakayetembea juu ya barafu na kuniitia vipimo. Mimi nitakaa juu ya jiwe na kuandika. Goti langu la kushoto limekataa barafu hata kabla ya kuiona.

Muigai na mimi tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo tunaitana wakini, yaani mtu wa rika langu. Anasomea ubatizo mwaka wa tisa sasa. Awiti alipofika mti wa saba, Muigai akamshika mkono.

"Ruka hapo. Andika nane."

"Omera, ndugu yangu, miti ni kumi. Nikiruka, wa mwisho utakuwa kumi na moja. Mzungu atasema nimemwibia mmoja."

"Afadhali aseme hivyo."

Ilibidi nimweleze Awiti. Kwetu saba si namba ya kuchezea. Wazee walikula viapo juu ya jiwe lenye matundu saba. Mchungaji wa mifugo hakai malishoni siku saba mfululizo, na msafiri harudi nyumbani kwake siku ya saba, asije akaingia na balaa. Nilieleza huku nikicheka, kama inavyompasa mzee wa kanisa. Awiti naye akacheka, akaichoma saba kubwa kuliko zote.

17 Desemba

Safari ya kwanza imekwisha na bado niko hai, jambo ambalo vidole vyangu vya miguu vinabisha.

Tuliondoka Jumanne kwa lori. Kwenye kizuizi cha msitu, Dalmas mpishi, ambaye ni Mbukusu, alipita kama upepo. Mimi na Muigai, kwa kuwa ni Wakikuyu na vita vya msituni havijasahauliwa, tulikaguliwa pasi, barua, kofia, nusura na meno. Saa tatu nzima. Askari mmoja alisoma barua ya Bwana Barafu akiwa ameishika juu chini.

Siku ya pili tukapanda kwenye matope yaliyosimama wima. Sijui matope yanasimamaje wima, lakini yalisimama. Siku ya tatu tukafika kwenye kibanda cha mabati, na hapo Dalmas akateleka maharagwe. Maharagwe yale yalichemka mchana kutwa, na jioni yalikuwa magumu kama vifungo vya koti.

"Ni kuni," akasema Dalmas.

"Ni urefu wa mlima," akasema Bwana Barafu. "Huku juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha."

Dalmas alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Ni kuni, Bwana."

Na barafu yenyewe? Niseme kweli. Tangu utotoni nimeiona kutoka Ruiru asubuhi zisizo na mawingu, alama nyeupe ndogo kama chokaa kwenye ncha ya kidole. Nilipoifikia nilivua kofia bila kujua. Ni kubwa, ya kijivu, ina nyufa, na inadondoka maji. Inadondoka wakati wote, kama bomba la shamba ambalo hakuna anayelifunga. Sikuitegemea kuwa na sauti.

Tukatoboa, tukasimika miti yote kumi, futi tatu ndani, futi tatu nje. Wa saba uko peke yake, karibu na miamba myeusi. Muigai aliusimika kwa sababu Bwana Barafu alikuwa amesimama pembeni yake.

Kurudi ilikuwa Jumatatu. Nahesabu: Jumanne mpaka Jumatatu ni siku saba. Maitu alikuwa amekwisha kuhesabu kabla yangu, na kabla sijaondoka aliniambia, "Siku ya saba usinikanyagie kizingiti." Basi mzee wa kanisa nikashuka kwenye lori Thika, nikalala kwa Awiti Makongeni, na leo, siku ya nane, nimefika nyumbani kwa heshima. Nilimwambia Awiti kwamba ni kwa ajili ya kumridhisha mama tu.

"Mama yuko Ruiru," akasema. "Wewe uko hapa. Nani anaogopa?"

Aoko, mkewe, aliniongezea samaki ili ninyamaze.

25 Desemba

Krismasi. Mbuzi wa meneja alikuja kula kabichi zangu. Heri kwa wote.

14 Januari 1958

Safari ya pili, imechelewa juma moja kwa sababu ya sikukuu. Askari yuleyule, barua ileile, na safari hii aliishika sawasawa lakini hakuisoma. Maharagwe hayajaiva.

Nilikaa juu ya jiwe langu, daftari magotini, na Muigai akapita mti hadi mti akiita kwa sauti ya mnada: "Moja, inchi nne! Mbili, nne na nusu!" Upepo ulikuwa ukinirarua masikio. Nikaandika. Ya sita, tano. Ya saba, sita. Ya nane, saba. Bwana Barafu alikuwa upande wa pili akichimba mashimo yake kupima uzito wa theluji, mwenye furaha kama mtoto kwenye mchanga.

Nikalala kwa Awiti. Alikuwa ameandaa mkeka kabla sijabisha hodi.

20 Januari

Kijana wa kuchukua nafasi yangu amekuja kuona ofisi. Anaitwa Gachanja, ana kalamu tatu mfukoni. Amepima dirisha letu la chumbani ili aagize pazia. Wangeci alimkaribisha chai na hakumwekea sukari.

4 Februari

Safari ya tatu. Jua kali mchana, usiku maji yanaganda ndani ya kikombe. Maharagwe hayajaiva. Dalmas sasa analaumu sufuria.

Bwana Barafu alipitia daftari langu karibu na taa akifurahi. "Tazama ya saba, Gerishon! Safi kuliko zote. Kila mara iko katikati kabisa ya sita na nane. Laiti miti yote ingekuwa hivi."

Nikafurahi kusifiwa. Nimefurahi mpaka Thika. Kisha pale kwenye mkeka wa Awiti furaha ikaniharibikia kama maziwa.

Miaka kumi na moja nimepima mvua. Mvua haijawahi kunyesha katikati kabisa ya kitu chochote. Inanyesha mno au haitoshi, inaruka shamba hili na kuzamisha lile. Kitu cha Mungu hakikai katikati kwa adabu namna hiyo, mara mbili mfululizo.

10 Februari

Leo sijaandika kitu kwa sababu nafikiri, na kufikiri kwangu hakuandikiki.

12 Februari

Tazama ninachofikiri. Meneja amekumbusha tena kuhusu nyumba. Maitu ameuliza huko Thika dirisha lake litatazama upande gani, maana amekwisha kuhamia kichwani. Barua moja tu. Daftari moja safi.

25 Februari

Safari ya nne. Nilimsubiri Muigai mpaka tukabaki wawili nje ya kibanda, yeye akisugua sufuria kwa mchanga.

"Wakini wangu," nikasema, "mti wa saba uko wapi?"

"Kati ya sita na nane."

"Hilo nalijua. Uliugusa lini mara ya mwisho?"

Akasugua sufuria mpaka ikalia. "Siku tuliyousimika."

"Na hizi inchi unazoniitia?"

"Nachukua ya sita, nachukua ya nane, nakaa katikati. Ni hesabu nzuri. Nilifikiri utafurahi."

Nilitaka kupiga kelele lakini huko juu pumzi haitoshi kwa hasira. Nikamwita mshamba. Nikamwita mpagani wa mwaka wa tisa. Nikamwambia mtu mzima mwenye wajukuu anaogopa kijiti cha Mjaluo, na kwa ajili ya kijiti hicho mimi nitalala nje na mama yangu.

Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Na wewe, mzee wa kanisa, Jumatatu utalala wapi?"

Nikachukua sufuria, nikaingia nayo ndani.

Nililala kwa Awiti.

Na niandike hili pia, maana mchwa hawatamwambia mtu. Kule mlimani, kesho yake baada ya mazungumzo yale, nikiwa juu ya jiwe langu, Muigai aliita, "Saba, kumi na tano!" akiwa hatua ishirini kutoka kwenye mti, akinitazama usoni. Alikuwa akinipa nafasi ya kumkatalia. Nikaandika kumi na tano.

1 Machi

Wangeci: "Baba Wamboi, siku hizi unakoroma ukiwa macho."

Nikamweleza yote. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. Nilitegemea aseme Mzungu atajuaje, inchi ni inchi. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga majibu ya kumkubalia.

Akasema, "Nyumba ukiipata kwa hesabu ya Muigai, itakuwa ya Muigai. Utakuwa unampisha kila akija."

Nimeoa mwanamke mgumu kuliko maharagwe.

6 Machi

Joto. Vumbi. Mawingu yanajikusanya upande wa Ngong, yanatutisha, yanaondoka. Gachanja ameleta pazia. La kijani.

18 Machi

Hii itakuwa ndefu, na naiandika mkono ukiuma.

Safari ya tano, ya mwisho kabla ya masika. Tulifika kibandani Alhamisi, na Ijumaa mawingu yalikuwa yamekalia mlima kama kuku juu ya mayai. Bwana Barafu akasema tupime upesi kabla theluji haijafunika miti. Muigai akavaa vile viatu vyenye miiba ya chuma. Nikamwambia, "Vua. Nipe."

"Goti lako, wakini."

"Goti ni langu, na viatu ni vya Mzungu. Nipe."

Nikafungwa kamba kiunoni. Nilitembea hatua tisa kama mtu, na zilizobaki kama mjusi. Sitajisifu. Nilitambaa kwa tumbo, kofia ikaniachia ikateremka peke yake kuelekea Meru, na chini ya sikio langu maji yalikuwa yakipita ndani ya barafu, yakizungumza. Nilimwomba Mungu, kisha nikamwomba msamaha kwa jinsi nilivyomwomba.

Nilipofika mahali pa mti wa saba, hapakuwa na mti.

Ulikuwa umelala. Umelala chali katika kidimbwi cha maji, namba ya Awiti ikinitazama, kubwa kuliko zote. Miamba myeusi iliyo jirani hunywa jua na kulitema pale. Futi tatu zote tulizozamisha zilikuwa zimeyeyuka, na mti ukaanguka kwa kukosa pa kushikilia. Futi tatu ni inchi thelathini na sita. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika kumi na tano, kwa mwandiko mzuri.

Lini ulianguka? Labda Februari, labda juzi. Hakuna atakayejua. Mahali pale barafu ilikuwa ikifa upesi kuliko penginepo pote, na pale ndipo sisi tulipoandika kwamba mambo ni shwari. Nilikaa kwenye kidimbwi, suruali imelowa, nikapakata ule mti.

Nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Alikuwa Muigai, bila viatu vya miiba, ameshika kamba yangu kwa mikono miwili.

"Utafia hapa, na watasema ni saba," akasema. "Lete hicho kijiti."

Akaubeba yeye. Mti wa saba, begani, mpaka kibandani.

Nilimwambia Bwana Barafu mbele ya wote. Sikumtaja Muigai. Nikasema daftari ni langu, mwandiko ni wangu, ya saba haikupimwa hata mara moja, na tangu mwezi uliopita nilijua. Muigai akaingilia: "Anasema uongo tena. Ni mimi niliyeita." Tukaanza kubishana nani mwongo zaidi, mpaka Dalmas akatuambia tunapoza chakula.

Bwana Barafu alifungua daftari, akaweka kidole kwenye safu ile safi. Masikio yakamwiva. "Ningejua Januari," akasema polepole, "ningeusimika upya, kwa kina zaidi. Sasa nina shimo. Kiangazi kizima, mahali palipo muhimu kuliko pote, nina shimo." Akatoka nje, akasimama kwenye theluji iliyokuwa imeanza kuanguka. Hakusema nasi neno Jumamosi. Hakusema neno Jumapili. Jana ndani ya lori alikaa mbele na dereva, na sisi nyuma tukakaa na mti.

Tulipofika Thika, kabla sijashuka, akanipa bahasha iliyofungwa na gundi. Hakunipa mkono. Nikaiweka ndani ya shati, sikuifungua. Mtu hafungui jeneza njiani.

Awiti alikuwa ametoka nje ya karakana yake, ameniona. "Mkeka tayari!" akaita.

Nikamwambia dereva aendelee mpaka Ruiru.

Maitu alikuwa mlangoni, akihesabu kwa vidole nilipokuwa bado njiani.

"Uliondoka Jumanne."

"Ndiyo, Maitu."

"Leo?"

"Siku ya saba. Nimechoka, Maitu. Nimedanganya kwa ajili ya saba miezi mitatu. Nataka kulala kwangu maadamu bado ni kwangu."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka mahali kofia ilipokuwa ikikaa. "Wewe ni mtu mzima," akasema, "na ni mzee wa kanisa. Ingia."

Kisha akachukua blanketi lake, akanipita pale kizingitini kwa adabu zote, akaenda kulala kwa jirani.

19 Machi

Masika yameanza alfajiri. Saa tatu nimepima: inchi moja na robo. Gachanja alisimama nyuma yangu na kalamu zake tatu, nikamwonyesha jinsi ya kuinamisha macho mpaka yalingane na maji. Si mtoto mbaya. Ana haraka tu.

Maitu amerudi baada ya chai, akanusa kila pembe ya nyumba, akakuta bado hatujafa. Amesikitika kidogo.

Bahasha niliifungua mbele ya Wangeci. Barua si ya watu wa hali ya hewa. Ni yangu mimi. Bwana Barafu anasema hawezi kuwaandikia kwamba nimetunza daftari safi, kwa sababu sikulitunza. Nyumba ile ya Thika nimeikosa. Chini akaongeza kwamba amepewa mwaka mmoja zaidi mlimani, na anahitaji karani atakayeishi Makongeni, vyumba viwili, karibu na lori. Anasema amesumbuliwa na makarani wengi wenye safu safi, na hajui kati yao ni nani aliyewahi kutambaa. Sharti moja: mti wa saba utasimikwa upya, futi tano ndani, na nitaupima mimi, kwa mkono wangu, kila safari. Muigai aje kushika kamba.

"Mwaka mzima," nikamwambia Wangeci. "Matope yale. Askari yule. Maharagwe yale! Mimi, na goti hili!"

"Dirisha linatazama upande gani?" akauliza Maitu kutoka chumbani.

Jioni hii nimemjibu. Nimeandika kwamba nashukuru, ninakubali sharti lake kama lilivyo, na mimi pia ninalo moja, dogo, ambalo halitamgharimu chochote ila uvumilivu: safari ziwe za siku nane.